Ao Nang, Krabi: samaki kwa gramu, pilipili kwa ruhusa ya mhudumu. Hii ni nini?

Wakuu, heshima kwenu. Huu ni uzi wa hasira, kwa hiyo wale wa "shukuru hata umepanda ndege" wapite kimya kimya. Hela ni yangu na tumbo ni langu. Ninachosema ni hiki: ile barabara ya ufukweni Ao Nang, mji wa watalii mkoani Krabi, kusini mwa Thailand, inamficha mgeni chakula cha Krabi, halafu inamtoza hela kwa kufichwa huko.

Nianze na bili, maana ndiyo bado inaniuma.

Nje ya migahawa ya pale ufukweni wanapanga meza za barafu. Changu, kamba wakubwa, ngisi, kaa waliofungwa magando. Kila kitu na kibao chake. Changu 120, kamba 180. Hizo ni baht, yaani changu mzima kwa kama elfu tisa ya kwetu. Mtu aliyezoea kubishana bei Feri, soko la samaki la Dar, anaona hapa leo nakula mpaka nilale. Unamwonyesha kijana kidole, ananyanyua samaki, anapotelea naye ndani. Mnakula, mnafuta midomo, bili inakuja. Kumbe chini ya ile 120 pameandikwa gramu 100, kwa herufi ambazo kwa taa zile hata miwani haisaidii. Changu wa gramu 900 ni baht 1,080. Kamba gramu 400 ni 720. Ongeza wali, maji na bakuli la mchuzi, tumefika 2,000. Bado hatujamaliza. Asilimia 10 ya huduma, tunakuwa 2,200. Juu ya hiyo 2,200, siyo juu ya 2,000, inapanda VAT ya asilimia 7. Jumla 2,354. Zaidi ya laki na nusu ya Kitanzania, watu wawili, samaki mmoja na kamba wa kuhesabika.

Kabla hamjanirukia: najua kuuza kwa gramu 100 si wizi. Wathai sokoni wanapimiana hivyo hivyo, wana kipimo chao wanakiita khit, na khit moja ni gramu 100. Mama anayenunua kamba sokoni Krabi mjini anajua anaulizwa nini. Ila yeye kibao anakisoma kwa lugha yake na mzani uko mbele ya macho yake. Pale ufukweni mzani uko jikoni, samaki kapimwa na matumbo yake, na menyu ina zile alama mbili za kujumlisha mwisho kabisa wa ukurasa wa mwisho, kukuambia kwamba huduma na kodi havimo kwenye bei. Nilipouliza uzito huu umetoka wapi, kijana akanionyesha bili. Uzito alioandika yeye mwenyewe ndio ushahidi wake!

Sasa ningemeza hasira yangu kama tungekula kitu cha maana. Hapo ndipo palipo na kidonda chenyewe.

Kusini ndiko kwenye chakula kikali kuliko kote Thailand. Mtu wa Bangkok akila kwa watu wa kusini anatoka jasho. Manjano mabichi, mchaichai, khulinjani, pilipili na kapi (uduvi uliochachushwa ukasagwa) vinatwangwa pamoja kwenye kinu. Kuna gaeng som, mchuzi wa samaki wa rangi ya manjano usio na tui hata tone, mchachu na mkali kwa pamoja. Kuna khua kling, nyama ya kusaga inayokaangwa na viungo hadi sufuria ikauke kabisa. Kuna gaeng tai pla, mchuzi wa matumbo ya samaki yaliyochachushwa, ambao unaunusa kabla hujauona. Kuna sataw, yale maharage mapana ya kijani yenye harufu, wanayakaanga na kamba. Sasa mtu aliyekua anakula samaki wa kupaka na pilipili mbuzi pembeni, unamlinda dhidi ya nini?

Niliagiza khua kling. Mhudumu akacheka, akasema "hiyo kali, wewe hapana." Nikamwambia naitaka kali hivyo hivyo wanavyokula wao. Akaandika, akatabasamu, akaenda. Ikaja nyama ina sukari. Narudia wakuu, sukari! Mke wangu akaomba gaeng som, akaambiwa haipo, kuna mchuzi mwingine wa njano wa tui na viazi, watalii wanaupenda. Na kawaida kwenye meza ya mgahawa wa Kithai unakuta vikopo vinne, sukari, pilipili ya unga, siki yenye pilipili na nam pla (sosi ya samaki), ili kila mtu ajirekebishie sahani yake. Sisi tuliwekewa chupa ya tomato. Hata nafasi ya kujitetea hatukupewa.

Halafu pad thai. Kila mgahawa pad thai, picha ya pad thai, pad thai baht 200. Jamani, pad thai ilipigiwa debe na serikali ya waziri mkuu wao Phibun miaka ya 1940 iwe chakula cha nchi nzima, sina ugomvi nayo. Lakini siyo chakula cha Krabi, na sikuvuka bahari kuja kula tambi ninazoweza kuzikuta uwanja wa ndege wowote.

Wa kulaumiwa pia yuko Dar. Wakala wetu (jina nalihifadhi, wanaosoma wanajijua) alituuzia kifurushi kilichoandikwa "chakula halisi cha wenyeji." Uhalisi wenyewe ukawa kuponi za kula kwenye mgahawa wa hoteli: piza, soseji, na Alhamisi bafe ya nyama choma. Nilipomtumia ujumbe akanijibu kwamba kwa sababu mke wangu anakula halali tu, nje ya hoteli tutapata shida, bora tubaki humo humo.

Shida? Krabi? Mkoa wenye Waislamu wengi namna ile, Ao Nang yenyewe ina msikiti mkubwa kando ya barabara kuu na adhana mnaisikia mkiwa kitandani. Unatembea unakutana na akina mama wa hijabu wanakaanga kuku, vibanda vimechorwa mwezi na nyota, vyakula vya paketi vina ile alama ya halali yenye umbo la almasi. Shida ni kwamba huyu wakala hajawahi kufika, au amefika akalala. Khao mok gai, wali wa manjano na kuku, iliki na mdalasini vinanukia, juu vitunguu vya kukaanga na pembeni sosi ya kijani ya nanaa, tuliila kwenye kibanda cha bati kwa baht 60. Mke wangu ni wa Unguja, biriani anaichambua kuliko hakimu wa rufaa, na sahani hiyo aliinyamazia mpaka ikaisha.

Na hilo ndilo lililonipandisha hasira zaidi, maana kumbe kila kitu kipo! Ukiipa bahari mgongo, ukafuata barabara ya kwenda Krabi mjini, hata mbali hufiki, unakuta duka la khao gaeng, yaani wali na michuzi iliyokwisha pikwa. Masinia kumi na zaidi nyuma ya kioo. Gaeng som ipo. Khua kling ipo, na haina sukari. Wali na aina mbili za mboga ni baht 60 au chini. Ukikaa, kabla hujaagiza unaletewa bure sinia la mboga mbichi za kupozea mdomo: matango, maharage marefu, bilinganya changa za kijani, na majani machanga ya mkorosho. Watu wa Mtwara mpo? Majani ya mkorosho, mabichi, yanatafunwa na mchuzi! Yana ukakasi kidogo, ukiyatafuna na ule mchuzi mkali unaelewa mara moja kwa nini yapo pale. Sisi tuna mikorosho mpaka uani na sijawahi kuona mtu anafikiria hivyo.

Na nani walijaa pale ndani? Wafanyakazi wa mahoteli. Kulikuwa na mmoja wa hoteli yetu, amevaa fulana ya kazi, anatafuna pilipili mbichi kama karanga. Nilimuuliza kwa nini hawatuambii kuhusu pale. Akasema wageni hawapendi. Wageni gani, waliulizwa lini?

Railay, ule ufuko wa jirani, nimewasamehe. Kule hakuna barabara, kila gunia la mchele linaingia kwa mashua, bei ikipanda naelewa. Ao Nang ina lami mpaka mjini, zile pikapu zenye mabenchi mawili nyuma zinapita kutwa kwa nauli ndogo. Hakuna kisingizio.

Kingine kidogo: doriani. Msimu wake ukifika zinauzwa barabarani pamoja na shokishoki, na mke wangu alipoziona alisahau kama tulikuwa tumegombana. Tukanunua. Mlangoni hoteli kuna kibao, doriani marufuku, faini juu. Sawa, harufu, nakubali. Tulizila tumekaa kwenye ukingo wa barabara, na hicho ndicho chakula cha jioni kilichokuwa na heshima kuliko vyote vya kwenye kuponi.

Najua atakuja mtu hapa kusema mbona Nungwi mgeni anauziwa pweza kwa dola. Ndiyo, na uzi wake ufunguliwe, nitakuja kuchangia. Haimaanishi mimi nikipigwa Krabi ninyamaze.

Kwa anayekwenda: samaki apimwe mbele yako, uupige picha mzani, na bei ya kupika uiulize kabla. Ukigoma kwenye bili, taja 1569, ni namba ya malalamiko ya bei ya Idara ya Biashara ya Ndani kule kwao. Polisi wa utalii ni 1155. Mimi nilitaja tu, sikupiga, na ile asilimia 10 ya huduma ikafutwa hapo hapo bila mtu kunieleza kwa nini iliwekwa.

NYONGEZA: Naona maswali ni mengi kuhusu lile duka la khao gaeng. Sitaji jina, bango lake ni la Kithai tupu na yapo mengi ya aina hiyo njiani. Menyu hakuna, unanyooshea kidole sinia unalotaka. Ukitaka kujua kama kuna nguruwe waulize kabla hujakaa, au tafuta yenye mwezi na nyota. Wanapika alfajiri, na masinia yakiisha wanafunga. Nendeni kabla ya saa sita mchana, saa nane mtakuta wanaosha sufuria.