Faini za maktaba kwa simu: tumlipe kijana wa hapa au kampuni ya nje?

Mkutubi_Gangilonga
Wakuu, poleni na baridi. Maktaba ya chuo chetu hapa Iringa inatumia Koha, programu huria ya kuendeshea maktaba. Faini bado tunapokea mkononi: mwanafunzi anadaiwa 1,500, kaja na elfu kumi, chenji hatuna, foleni imefika mlangoni. Mwisho namwandika kwenye kaunta buku. Tunataka alipe kwa simu, deni lijifute. Kijana wa Kihesa anataka laki nane aingie kwenye seva yetu arekebishe. Kampuni ya nje inataka karibu mara tano, ila kazi iingie kwenye Koha yenyewe, ile inayotolewa kwa maktaba zote.

Uyole_Juu
Kijana! Leseni ya Koha ni GPL, ya programu huria: nakala yako unairekebisha bila kuomba ruhusa. Hela ibaki nyumbani.

FundiSeva_Mbeya
Ruhusa ipo, kasheshe ni Mei na Novemba, toleo jipya likitoka. Ukisasisha, alichochomekea kijana kinafutika. Usiposasisha, matundu ya usalama yanabaki. Ofisini kwetu tuliganda na toleo moja miaka mitatu. Aliyelirekebisha kahamia Dodoma, simu hapokei. Halafu, Perl anaijua? Ndiyo lugha ya programu iliyoandikia Koha.

Mkutubi_Gangilonga
Nimemuuliza. Eti atajifunza 😅

MamaMaktaba_Njombe
Koha yenyewe ilizaliwa kwa kulipia. Maktaba za Horowhenua, New Zealand, ziliilipa kampuni ya Katipo mwaka 1999 kwa kuwa mfumo wao wa zamani usingevuka 2000, kisha wakauachia wote. Ila kuingia Koha kuu si hela tu: mtu mwingine lazima ajaribu na kuidhinisha, ndipo timu ya ubora ikague. Kampuni isikuahidi tarehe. Na malipo ya simu za Tanzania, nani huko atayajaribu?

FundiSeva_Mbeya
Shikamoo mama, umenena. Basi iwe plagini, yaani kipande cha nyongeza: inakaa pembeni ya msimbo mkuu, kusasisha hakuifuti, japo inaweza kuhitaji marekebisho madogo. Kijana apewe theluthi kuanza, theluthi ikikubali kwenye seva ya majaribio, iliyobaki ikishavuka toleo la Novemba. Na msimbo auweke hadharani, asije akahama nao.

Uyole_Juu
Ikipokea mitandao yote ya simu, chuo chetu kinaweza kuchangia. Nitauliza.

Mkutubi_Gangilonga
Napeleka kikaoni Alhamisi. Ila hiyo Perl…

MamaMaktaba_Njombe
Marahaba mwanangu Fundi. Mkutubi, mwache ajifunze, ila asijifunzie kwenye seva yenu.