Akwaria ya matumbawe ya lita 900 sebuleni, Dar: sakafu, mabomba, joto na maji

mkazi_mikocheni

Habari wakuu. Nipo hatua ya kuchora akwaria ya maji chumvi kwa ajili ya matumbawe. Vipimo: urefu sm 200, upana sm 75, kimo sm 60. Chini yake, ndani ya stendi, kutakuwa na sampu (tangi la pili ambamo maji hushukia, kisha pampu huyarudisha juu) ya sm 120 × 50 × 45. Nyumba ni ya ghorofa na sebule tunayoitumia zaidi ipo juu. Fundi vioo anasema kioo cha mm 12 kinatosha na bomba moja la kushusha maji linatosha. Naomba wenye uzoefu wanisahihishe kabla sijalipa. Pia, maji nichote baharini au ninunue chumvi? Umeme hukatika, wakati mwingine saa nne mfululizo, na mwezi wa pili chumba hufika nyuzi 31.

fundi_kioo

Mkuu, anza na uzito. Lita 900 za maji chumvi ni kama kilo 920. Vioo vya mm 15 ni kilo 180 hivi, mawe 70, mchanga 60, sampu na maji yake 160, stendi 100. Jumla inakaribia tani moja na nusu, nayo imekaa juu ya mita moja na nusu ya mraba. Sakafu ya ghorofa ya makazi kwa kawaida husanifiwa kubeba kilo 150 hadi 200 kwa mita ya mraba. Yako ni karibu tani nzima kwa mita. Weka chini, kwenye zege lililolala juu ya ardhi. Ukiing'ang'ania sebule ya juu, mpe mhandisi michoro ya nyumba akuoneshe boriti zilipo. Usimwulize fundi vioo jambo hilo.

Kioo: kwa kimo cha sm 60 na urefu wa mita mbili, mm 12 hupinda katikati na kuichosha gundi. Chukua mm 15, na juu yake zungusha vipande vya kioo vya upana wa sm 10 pande zote nne. Silikoni iwe ile safi inayonuka siki. Ile ya bafuni ina dawa ya kuzuia ukungu, nayo ni sumu kwa viumbe. Acha ikauke wiki nzima, kisha jaza maji baridi (yasiyo na chumvi) nje ya nyumba kwa saa 48.

Jambo moja ambalo mafundi wengi hulisahau: kioo cha tempa, kile kinachosagika punje punje kikivunjika, hakitobolewi. Ukigusisha biti ya almasi, kinapasuka chote. Ukuta wa nyuma wenye matundu uwe kioo cha kawaida.

bomba_tatu

Bomba moja la kushusha ni hatari. Konokono mmoja tu akiingia, pampu itaendelea kusukuma na maji yatamwagika kwenye zulia. Weka matatu, yote ya inchi moja na nusu, ndani ya kisanduku cha nyuma. La kwanza lijae maji tupu, bila hewa, na liwe na valvu ya kuzungusha. Hilo ndilo linalobeba karibu maji yote na halipigi kelele. La pili lipokee kijimkondo kidogo cha ziada. La tatu mdomo wake uwe juu zaidi, libaki kavu siku zote, na lisiwekewe valvu yoyote. Mwisho wa bomba la kwanza uzame kwenye sampu sm 2 au 3 tu. Ukiuzamisha sana, hewa haitoki wakati wa kuwasha na bomba litagugumia muda mrefu.

Pampu ya kurudisha: unahitaji lita 3,600 hadi 4,500 kwa saa zinazofika juu kweli. Nunua iliyoandikwa 6,000 hadi 8,000, kwa sababu kimo na viwiko hula nguvu.

Sasa hesabu ya umeme kukatika, ambayo kwako ni lazima. Kila sentimita moja ya maji kwenye tangi lako la juu ni lita 15. Mdomo wa bomba la kurudisha ukiwa sm 2 chini ya uso wa maji, zitarudi lita 30, pamoja na kama 20 za kisanduku na mabomba. Ukiwa sm 20 chini, zitarudi lita 300. Sampu yako ikijaa pomoni ni lita 270. Ikifanya kazi kwenye kina cha sm 22 ina lita 132, kwa hiyo nafasi iliyobaki ni 138. Umeona maji yatakakoishia. Wengi hutoboa kitundu kidogo kwenye bomba ili livute hewa na kukata mkondo. Kitundu hicho huzibwa na mwani ndani ya wiki chache. Tegemea mdomo kuwa juu.

Kabla ya kuweka kiumbe chochote, jaza maji, washa, kisha chomoa plagi. Washa tena, ziba bomba la kwanza kwa kiganja, uangalie kama la tatu linabeba mkondo wote.

chumvi_35

Kwenye maji, mimi nipo upande wa chumvi ya kununua, ile maalumu ya matumbawe. Mfumo mzima una takriban lita 1,000, hivyo ni kilo 38 hivi kwa mara ya kwanza. Shabaha ni gramu 35 kwa kilo ya maji. Mimina chumvi ndani ya maji yanayozunguka, kamwe usimwage maji juu ya chumvi, maana kalsiamu itaganda na kuwa unga mweupe usioyeyuka. Chumvi ya mezani haifai, wala ile ya mashamba ya chumvi ya Bagamoyo: hiyo ni sodiamu kloraidi karibu tupu, magnesiamu imebaki kwenye maji yaliyomwagwa.

Maji baridi ya kuchanganyia yapite kwenye mashine ya RO (inayosukuma maji kupitia utando wa kuchuja) yenye reseni mwishoni, kipimo cha TDS, yaani vitu vilivyoyeyuka majini, kisome 0. Ila tangi la juu ya paa likiwa mita 4 juu ya mashine, presha ni kama baa 0.4 tu, na mashine inataka 3.5 hadi 4. Nunua pampu ya kuongeza presha pamoja nayo.

kina_kirefu

Namheshimu chumvi_35, lakini kwa mtu wa Dar maji ya bahari yanafaa na ni bora kwa mabadiliko ya kila wiki, asilimia 10, yaani madumu matano ya lita 20. Sharti ni mahali na wakati. Panda boti, uchote nje kabisa wakati maji yamejaa. Usichote bandarini wala upande wa mdomo wa Msimbazi, na acha kabisa wakati wa masika, kwa kuwa mvua hupunguza chumvi na kuleta uchafu wa mitaro. Pitisha kwenye kichujio cha mikroni 5, yakae gizani wiki mbili yakizungushwa, pima amonia na fosfati. Koki ya shaba isiguse maji hayo. Shaba huua kamba na konokono.

Mawe: tumia mawe ya matumbawe yanayochimbwa nchi kavu kwa ujenzi, mepesi yenye matundu, yasiyoguswa na saruji wala chokaa. Yapange kwenye kioo cha chini kabla ya mchanga, ili samaki wanaochimba wasiyaangushe. Matumbawe hai usivunje baharini. Matumbawe magumu yote yapo kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, na kuyatoa bila kibali ni kosa. Nunua vipandikizi vilivyokuzwa, uanze na laini.

mkazi_mikocheni

Asanteni sana, nahamia chini na mm 15. Kwenye joto, feni juu ya maji zitatosha? Na betri ya ukubwa gani?

chumvi_35

Feni hushusha nyuzi 2 au 3 kwa kuvukiza, na unyevu wa pwani hupunguza hata hizo. Lengo lako ni 25 hadi 26. Ukikaa juu ya 30 matumbawe yatapauka. Weka AC ya chumba. Chila (mashine ya kupoza maji) nayo ni nzuri, lakini ikifungiwa ndani ya stendi hupuliza joto lake humohumo na kulivuta tena.

Betri: umeme ukienda, kinachoua kwanza ni kukosa oksijeni. Usiwashe taa wala pampu ya kurudisha. Washa pampu mbili za mawimbi za wati 25 kila moja, zikielekezwa kwenye uso wa maji. Betri ya lithiamu ya volti 12, Ah 100, itazibeba kama saa 20.

bomba_tatu

Ongeza hili kuhusu kifaa cha kujaza maji yanayovukiza. Kiwe na maji baridi ya RO, si ya chumvi, vinginevyo chumvi hupanda kila siku. Mrija wake uishie hewani juu ya sampu, usizame, la sivyo utanyonya ndoo nzima. Ndoo iwe ya lita 40 na isiungwe moja kwa moja na RO. Swichi ikikwama, lita 40 zitashusha chumvi kutoka 35 hadi kama 33.7, na viumbe watavumilia. Lita 200 zitaishusha hadi 29.