Kuchuja wazee waliodhoofika siku ya kliniki ya presha: kipimo gani kinafaa zahanati yenye watu wawili?

Rugezi_Kivukoni
Wakuu, shikamooni kwa wanaostahili. Naomba ushauri wa kitaalamu.

Zahanati ya kijiji, Ukerewe. Tabibu mmoja, muuguzi mmoja, WAJA (wahudumu wa afya ya jamii) wawili. Alhamisi ni kliniki ya presha na sukari, wazee 35 hadi 40. Nataka kuwabaini wanaodhoofika kabla hawajaanguka au kulazwa. Mashine ya kupima nguvu ya kiganja sina. Nina mizani, mashine ya presha, futi kamba na simu. Nitumie kipimo gani, nani apime, na nikishampata mwenye tatizo nifanye nini papo hapo zahanati? Jibu la "mpe rufaa Bugando" (hospitali ya rufaa, Mwanza) peke yake halinisaidii, gharama ya kivuko na msindikizaji mnaijua.

Nesi_wa_Igoma
Mkuu, anza na swali lako la mwisho. Kama hujaamua utafanya nini na mzee atakayeonekana amedhoofika, usipime, utajaza daftari tu.

Kwa idadi yako tumia skeli ya FRAIL, kipimo cha kudhoofika chenye maswali matano, dakika mbili kwa mtu. WAJA anaweza kuuliza wazee wakiwa kwenye benchi wanasubiri, kwa hiyo foleni haiongezeki:

1. Wiki nne zilizopita, umejisikia umechoka muda wote au muda mwingi?
2. Unapata shida kupanda ngazi kumi bila kupumzika na bila kushika kitu?
3. Unapata shida kutembea mita mia chache bila msaada?
4. Umeshaambiwa una magonjwa mangapi kati ya haya 11: presha, kisukari, saratani, mapafu sugu, pumu, shambulio la moyo, moyo kushindwa kazi, maumivu ya kifua ya moyo, baridi yabisi, kiharusi, figo? Matano au zaidi ni alama moja.
5. Uzito umepungua asilimia 5 au zaidi kwa mwaka?

Kila ndiyo ni alama 1. Sifuri yuko imara, 1 hadi 2 yuko njiani, 3 hadi 5 amedhoofika.

Angalia mitego. Swali la 4 kwa zahanati zetu karibu kila mtu anapata sifuri, si kwamba ni wazima, ni kwamba hawajawahi kupimwa. Kwa hiyo mwenye 2 mchukulie kwa uzito kuliko kitabu kinavyosema. Swali la 2, kijiji ambacho hakina ghorofa hata moja, mzee atakuangalia tu. Chagueni mlima mmoja mfupi ambao wote wanaujua, WAJA wote wautaje huohuo, na muandike kwamba swali limebadilishwa. Swali la 5, uzito wa mwaka jana ukikosekana kwenye kadi, uliza mkanda umeongezwa tundu, au gauni limekuwa kama la mtu mwingine. Siyo sahihi kama mizani ila ni bora kuliko kuacha wazi.

Tabibu_Sengerema
Naongezea vipimo vya mwili, maana maswali peke yake yanadanganywa. Wazee wengi watasema "ni uzee tu, mwanangu" wakaandikiwa hapana.

Kutembea mita 4. Pima kwa futi kamba, siyo kwa hatua. Weka alama mwanzo na mwisho, na uache mita 1 hadi 2 kabla na baada, ili asianze kuhesabiwa akiwa anaondoka wala asipunguze mwendo kwenye mstari. Mwambie atembee mwendo wake wa kila siku. Fimbo yake aitumie. Bonyeza saa ya simu mguu wa kwanza unapovuka alama, siyo unaposema "haya, twende". Rudia mara mbili, chukua ya haraka. Zaidi ya sekunde 5 maana yake yuko chini ya mita 0.8 kwa sekunde, huyo mfuatilie.

Kinachoharibu ni sakafu iliyopigwa deki sasa hivi, uwanja wenye mteremko (na huku kwetu mawe na miinuko ndiyo ardhi yenyewe), ndala zilizokatika, na mpimaji kutembea mbele ya mzee. Ukitangulia, atakufuata mwendo wako. Kaa pembeni nyuma kidogo, tayari kumshika.

Kiti mara tano. Mikono ikunjwe kifuani, asimame wima na kukaa mara 5, simamisha saa anaposimama mara ya tano. Mwongozo wa ICOPE (wa huduma kwa wazee) wa Shirika la Afya Duniani unataka asizidi sekunde 14. Kiti cha plastiki kibanwe ukutani, kinateleza. Urefu wa kikalio uwe kama sentimita 45 na kiwe hichohicho kila wiki. Benchi fupi la kunawia linamfelisha hata kijana.

Na kabla ya yote, presha: akiwa amelala au amekaa dakika 5, halafu akisimama dakika ya 1 na ya 3. Ya juu ikishuka 20 au zaidi, au ya chini 10 au zaidi, kizunguzungu chake kimeanza kueleweka.

Bwiru_Geria
Mimi kwa wazee wagonjwa siku hiyo sipendi FRAIL wala kiti. Mzee ana malaria na homa ya 39, utamwambia asimame mara tano? Hapo skeli ya kudhoofika ya Rockwood inafaa zaidi, ngazi 1 hadi 9, kuanzia 5 ni kudhoofika. Unaweka ngazi ya hali yake wiki mbili kabla ya kuugua, siyo ya leo. Hilo ndilo linalokosewa kuliko yote: mtu wa ngazi ya 3 anaandikwa 7 kwa sababu ameletwa kwa bodaboda akiwa ameshikiliwa.

Unauliza shughuli: kwenda sokoni, kupika, kutunza pesa, kutumia simu, kunywa dawa mwenyewe. Babu ambaye hajawahi kupika maisha yake yote usimpandishe ngazi kwa hilo. Uliza alichokuwa anafanya akaacha: kushona nyavu, kuanika dagaa, kulima bustani. Skeli hii ilithibitishwa kwa umri wa 65 na kuendelea, na haifai kwa mwenye ulemavu wa siku nyingi.

Rugezi_Kivukoni
Asanteni sana. Wengine Kiswahili hakipandi vizuri, wanaongea Kikerewe au Kijita, anakuja mjukuu anatafsiri na anajibu yeye. Na kumbukumbu je?

Nesi_wa_Igoma
Mjukuu akitafsiri, utapata jibu la mjukuu. Tumia WAJA anayejua lugha, maswali matano muyakubaliane mapema kwa maneno yaleyale, mjukuu aulizwe baadaye peke yake kuhusu kuanguka na dawa. Kumwamkia kwanza siyo kupoteza muda. Ukianza na "bibi, unakojoa ovyo?" mazungumzo yameisha.

Kumbukumbu, usichukue vipimo vya kuchora saa kwa mtu asiyewahi kushika kalamu. Kuna kipimo cha IDEA kilichofanyiwa kazi Hai, Kilimanjaro, hakihitaji kusoma, kina sehemu ya kupanga vijiti vya kiberiti. Alama ni 15, 7 kushuka inaashiria tatizo kubwa.

Halafu hili nalisema kwa msisitizo: matokeo ya kumbukumbu yasisemwe benchini. Kanda ya Ziwa tunajua vikongwe waliouawa kwa tuhuma za uchawi, wengine kosa lao macho mekundu ya moshi wa kuni. Neno "akili imeruka" likitoka zahanati kwenda mtaani, hulirudishi.

Tabibu_Sengerema
Sasa mwenye alama 3 za FRAIL na kuendelea. Kazi ya kwanza ni mfuko wa dawa. Wazee waje na dawa zote, za dukani na za mwenzake pia. Ninaogopa zaidi glibenklamidi (dawa ya kisukari) kwa mzee anayekula mlo mmoja: figo zimechoka, dawa inakaa mwilini, sukari inashuka usiku, asubuhi wanasema amechanganyikiwa. Zinafuata dawa zinazoleta usingizi: diazepamu, amitriptilini na Piriton ya kila usiku "ya usingizi". Halafu dawa mbili za presha kwa mtu ambaye presha yake inaporomoka akisimama. Punguza moja moja, usikate yote siku moja. Propranololi na atenololi, nazo za presha, haziachwi ghafla kabisa.

Kazi ya pili, tafuta chanzo kinachotibika: wingi wa damu, sukari, VVU, kikohozi na kukonda kwa ajili ya TB, mtoto wa jicho, meno, na maswali mawili ya huzuni na kukosa hamu ya mambo. Mzee anayekonda haraka msimpe jina la uzee kabla TB haijaondolewa. Huyo ndiye wa kupandisha kivuko.

Bwiru_Geria
Na zoezi. Kusimama na kukaa kitini, siku 3 kwa wiki, seti 2 za mara 5, ukiongeza taratibu hadi 10. Kunyanyua visigino ameshika ukuta. Kutembea tu hakuongezi nguvu ya mapaja.

Chakula: protini gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Wa kilo 50 ni gramu 50 hadi 60. Yai moja ni kama 6, kipande cha samaki aliyepikwa cha gramu 100 ni kama 20. Asiye na meno, dagaa wasagwe waingie kwenye uji, lakini wawe waliokaushwa kwenye chanja. Wa mchangani hata wakioshwa mara tatu bado wanakwaruza, bibi atauacha uji. Mwenye figo mbovu, kiwango cha protini aamue daktari.

Rugezi_Kivukoni
Nimeelewa. La mwisho: goti bovu, hawezi kiti kabisa, ila anatembea mita 4 kwa sekunde 4. Nimwandike nini?

Tabibu_Sengerema
Andika "hakuweza, goti", usiandike sifuri wala sekunde za kubuni. Kisha tumia mwendo na FRAIL yake. Tarehe na namba ziwe kwenye kadi yake mwenyewe, maana daftari la pembeni likipotea, ulinganisho wa miezi sita ijayo umeondoka nalo.

Rugezi_Kivukoni
Sawa mkuu. Alhamisi naanza na wa miaka 70 kwenda juu, pamoja na yeyote wa 60 aliyeanguka mwaka huu. Nitarudi na idadi.

Nesi_wa_Igoma
Hapo sawa. Alhamisi ya kwanza pima kumi tu, usijaribu wote 40.