Gita la solo na besi ya kwaya: tuanze kurekebisha wapi kabla ya kununua vipya?

Mwanakwaya wa Majengo, Moshi

Ndugu zangu wanamuziki, shikamooni wakubwa, na wengine salaam. Kwaya yetu ina gita moja la solo lenye pikapu tatu (zile sumaku za kunasa sauti ya nyuzi) na besi ya nyuzi nne, na vyote viwili tulivinunua vikiwa vimekwisha kutumika. Mpigaji akicheza karibu na kichwa cha gita, kordi zinakubaliana. Akipanda kupita freti ya tisa, yaani kile chuma chembamba cha tisa kilicholazwa kwenye shingo, noti zinakuwa juu kuliko inavyotakiwa, ingawa tyuna, kile kifaa cha kupimia noti, imekwisha kuonyesha kwamba nyuzi zilizo wazi ziko sawa. Nyuzi zenyewe zimeinuka sana juu ya shingo, kiasi kwamba vijana wanaojifunza huumia vidole mapema. Besi nayo inavuma bila kutamka noti: ukikaa viti vya nyuma kanisani unasikia mtetemo tu, wala huwezi kujua kama mpigaji yuko kwenye E au kwenye F. Baadhi ya viongozi wanapendekeza tuchangishe fedha za vyombo vipya. Mimi ningependa tuvishughulikie kwanza hivi tulivyo navyo, ila sijui kazi ianzie wapi. Naomba mwongozo.

Fundi wa Ngarenaro, Arusha

Ndugu, kwa sasa changisheni fedha za nyuzi mpya tu. Kwa gita la solo, mambo mawili uliyoyataja huenda yana chanzo kimoja. Uzi ulioinuka mno husukumwa umbali mrefu ndipo ufikie freti, na kadiri unavyosukumwa ndivyo mvutano wake unavyoongezeka na noti kupanda. Ndiyo sababu tyuna inaridhika na uzi ulio wazi huku kordi za juu zikigombana.

Fuateni mpangilio huu bila kuuruka: nyuzi, shingo, kimo cha nyuzi, halafu urefu wa kila uzi pale darajani, yaani kwenye kile chuma cha mwilini kinachobeba nyuzi. Kila hatua hubadilisha inayofuata, kwa hiyo anayeanzia mwisho atairudia kazi yote. Nyuzi zinatangulia kwa sababu kutu na jasho haviugandii uzi kwa usawa. Sehemu moja huwa nzito kuliko nyingine, na uzi wa namna hiyo hausahihishiki kwa bisibisi yoyote. Seti yenye unene wa inchi 0.010 hadi 0.046 kwa gita na 0.045 hadi 0.105 kwa besi ni za kawaida kabisa.

Nyuzi zikishatyuniwa, bana uzi mnene kwenye freti ya kwanza na ya 17 kwa wakati mmoja, kisha pima nafasi iliyobaki kati ya uzi na freti ya saba au ya nane. Fila geji ambayo mafundi wa pikipiki hupimia nafasi za valvu inatosha kabisa. Kwenye gita tafuta kama robo milimita, na kwenye besi zaidi kidogo. Nafasi ikiwa kubwa, shingo imepinda kuelekea upande wa nyuzi, nawe utakaza chuma kilichomo ndani yake kwa kuzungusha kulia. Ikiwa hakuna nafasi kabisa, utalegeza. Usizidishe robo mzunguko kwa mara moja. Tyuni tena, pima tena, ndipo uendelee.

Baada ya hapo shusha vipande vya daraja mpaka nyuzi ziwe na takriban milimita 1.6 juu ya freti ya 17 kwenye gita, na milimita 2 hadi 2.4 kwenye besi. Zikianza kukwaruza freti, pandisha kidogo.

Hatua ya mwisho inahitaji utulivu. Gusa uzi juu kabisa ya freti ya 12 bila kuubana, upige, usikilize ule mlio wa kengele. Kisha bana freti hiyohiyo na ulinganishe kwa tyuna. Noti iliyobanwa ikiwa juu, rudisha kipande cha daraja nyuma ili uzi urefuke. Ikiwa chini, kisogeze mbele. Mbao hubadilika na unyevu wa hewa, hivyo pimeni tena masika yakiisha, hata kama kila kitu kinaonekana kipo sawa.

Mpiga besi wa Sakina, Arusha

Maelezo ya Fundi ni sahihi, ila besi ina tatizo lake la ziada. E iliyo wazi hutetema mara 41 kwa sekunde, na spika nyingi tunazotumia makanisani hazina uwezo wa kuitoa ipasavyo. Sikio huitambua noti kwa kutegemea milio myembamba inayoandamana nayo. Nyuzi zilizochakaa hupoteza hasa hiyo milio, ndipo besi inabaki kuwa mtetemo.

Pili, besi yenu imechomekwa wapi? Pikapu isiyotumia betri inahitaji tundu lenye ukinzani wa karibu megaohm 1 (kiloohm 1,000), ilhali matundu ya kawaida ya miksa huwa na takriban kiloohm 10. Ukiiunganisha hapo moja kwa moja, uwazi wa sauti unaliwa kabla haujafika kwenye spika. Tafuteni kisanduku cha DI, ambacho huipokea besi na kuiandaa kwa ajili ya miksa, mkiweke karibu na mpigaji, kebo ya besi iwe fupi, na safari ndefu hadi kwenye miksa ifanywe na kebo ya maikrofoni. Kisha mwenye miksa apunguze kidogo karibu na 250 Hz (mitetemo 250 kwa sekunde) na aongeze kidogo kati ya 700 na 1,000. Watu wengi huongeza besi ya chini wanapokosa kuisikia besi, na kwa kufanya hivyo huifukia kabisa.

Mwanakwaya wa Majengo, Moshi

Nashukuru sana. Ni kweli, besi inaingia moja kwa moja kwenye miksa kwa kebo ndefu inayopita kando ya ukuta mzima wa kanisa. Nina maswali mawili. Uzi mnene wa gita la solo, ukipigwa kwenye freti za juu, hutoa kama sauti mbili zinazopishana. Je, hilo nalo ni kimo cha nyuzi? Na kuna mngurumo wa umeme ambao hupungua mpigaji anapogusa nyuzi.

Mpiga solo wa Kiboriloni, Moshi

Hizo sauti mbili nazishuku pikapu. Sumaku zikiwa karibu mno huuvuta uzi na kuuzuia kutetema kwa uhuru. Bana uzi kwenye freti ya mwisho, kisha shusha pikapu hadi iwe angalau milimita 2 chini ya uzi mnene na 1.6 chini ya uzi mwembamba. Mimi hushusha zaidi ya hapo, kwa sababu napenda sauti safi ya muziki wa dansi, ile ambayo solo inapanda freti za juu bila kufichwa na mkwaruzo wowote. Msikilizeni Mbaraka Mwinshehe alivyopiga na Morogoro Jazz Band: katika upigaji wa namna ile, kasoro ndogo ya urefu wa uzi husikika mara moja.

Mngurumo unaopungua ukigusa nyuzi ni dalili kwamba waya wa ethi unaofika darajani ni mzima. Kinachokosekana ni kinga ya ndani dhidi ya mngurumo, na karatasi ya shaba kwenye shimo la nyaya husaidia. Lakini mpigaji akipigwa na umeme midomo yake inapogusa maikrofoni, acheni kupiga na muite fundi umeme akague ethi ya jengo.

Kwa vijana wenye vidole laini, mimi ningechagua seti inayoanzia uzi wa 0.009 badala ya 0.010.

Fundi wa Ngarenaro, Arusha

Sipingi 0.009, ila mvutano utapungua, kwa hiyo shingo ipimwe upya na huenda chuma kikahitaji kulegezwa. Hakikisheni alenki, ule ufunguo wa kuzungushia chuma hicho, ni ya kipimo kinachostahili, kwa kuwa baadhi ya magita hutumia inchi na mengine milimita, na alenki inayocheza hula tundu la chuma. Kwenye baadhi ya magita ya zamani tundu liko upande wa mwili, na itabidi mfungue shingo ili mlifikie.

Kagueni pia kile kipande chenye mifereji ya nyuzi kule kichwani. Bana uzi kwenye freti ya tatu, kisha tazama juu ya freti ya kwanza: panatakiwa pabaki upenyo mwembamba sana, kama unene wa karatasi. Upenyo ukiwa mkubwa, vidole vitaendelea kuumia kwenye F hata daraja lishushwe vipi, na mfereji utahitaji tupa nyembamba. Mfereji uliokwisha kuzama mno haurudishwi kwa urahisi. Hapo chongeni kipande kipya kwa mfupa wa ng'ombe uliochemshwa ukatoka mafuta na kukaushwa vizuri. Mfupa ni mgumu kuliko plastiki ya magita ya bei nafuu, na buchani mtaupata bila shida.

Mkishapima shingo na kimo cha nyuzi, wekeni vipimo hapa, vya gita na vya besi, ili tuone kama chuma kinahitaji kuguswa kabisa.