Moyo wa kumsaidia usiyemjua unatoka wapi?

Mleta mada: Wakuu, namuwaza Majaliwa Jackson, yule mvuvi wa Bukoba. Novemba 2022 ndege imedondoka ziwani, wengine wanarekodi, yeye kapiga kasia mpaka pale, na mwenyewe alisimulia kwamba aliugonga mlango wa nyuma kwa kasia hilohilo ukafunguka. Watu 24 walitoka hai siku ile. Mimi nasema ni hofu ya Mungu tu. Asiye nayo anapita zake, na bodaboda akisimama kwenye ajali ujue anatafuta simu ya majeruhi.

Tela Mbezi: Majaliwa sawa. Bodaboda umemwingiza wa nini? Mama yako akizidiwa saa nane usiku anambeba nani?

Mleta mada: Sijasema wote, mkuu.

Tela Mbezi: Hujasema "baadhi" pia.

Kasuku: Msamvu, Morogoro, 2019, lori la mafuta limepinduka, watu walikimbilia na madumu, likalipuka. Na bodaboda walikuwemo.

Mama Shadya: Kasuku, waache marehemu wapumzike. Walikufa zaidi ya mia. Njaa haiulizi dini.

Kasuku: Shikamoo mama. Ila dumu ni dumu.

Tela Mbezi: Mimi nilimpakia mzee kagongwa, damu mpaka kwenye tangi. Kituoni nikawekwa benchi toka adhuhuri mpaka magharibi, naulizwa kwa nini nilimgonga! Pikipiki ikalala hukohuko, na hesabu ya tajiri inanisubiri. Wenye magari walipandisha vioo wakapita, na tasbihi zinaning'inia kwenye kioo.

Mama Shadya: Pole mwanangu. Hiyo ndiyo inayowavunja watu moyo, wala si dini. Mtu anakumbuka PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, anakanyaga mafuta. Wakati siku hizi majeruhi anatibiwa kwanza, fomu inafuata.

Kasuku: Inafuata kwenye redio, mama. Nenda dirishani uone.

Mchokozi: Huyo Majaliwa si alipewa milioni moja na kazi Zimamoto? Hofu ya Mungu yenye mshahara, hata mimi naitaka.

Mleta mada: Alipewa baadaye! Yuko majini, nani alimwahidi? Aliishia hospitali mwenyewe. Nyie mnaopima kila kitu kwa pesa ndio nawasema.

Mchokozi: Si ulikuwa unawasema bodaboda?

Tela Mbezi: Asante Mchokozi. Wakuu, tusihame mada. Nasubiri radhi ya ile simu ya majeruhi.