Mrejesho: jioni za Mombasa baada ya kazi

Habari zenu wadau. Niliuliza hapa: mtu wa Dar anayetumwa Mombasa na ofisi, safari yake ya kwanza ya kikazi nje ya nchi, atembelee wapi akiwa na jioni tu? Nimesharudi, na nawashukuru sana.

Ushauri wa kusajili laini ya Kenya kwa pasipoti na kuweka hela M-Pesa ndio ulionisaidia kuliko wote. Tuktuk, maji, chakula, vyote nililipa kwa simu.

Fort Jesus, ile ngome ya kale, jioni haikuwezekana. Kikao kilichelewa kuisha, nikakuta lango limefungwa. Ndugu uliyesema niingie Mji wa Kale kwa miguu hata hivyo, Mungu akubariki. Vichochoro vyembamba, milango ya nakshi, wazee barazani na kahawa chungu, na mama mmoja anakaanga viazi karai vya manjano, anavimwagia ukwaju wenye pilipili. Nilikaa pale hadi adhana ya isha. Ngome niliingia asubuhi ya kuondoka, kabla ya basi. Kuta zile Wareno walianza kuzijenga mwaka 1593, na ukisimama chini yake unaona unene wake.

Feri ya Likoni, inayovusha watu kwenda pwani ya kusini, kweli ni bure kwa waenda kwa miguu, ila saa za watu kutoka kazini msongamano ni mkubwa mno. Niligeuza, nikaenda bustani ya Mama Ngina, kando ya bahari, kula mihogo na kunywa madafu. Fikeni kabla jua halijazama. Ufukwe wa Diani, kusini mwa Mombasa, sikufika. Anayeitaka aombe ofisini siku ya ziada.