Naomba ushauri: turudi kwenye fedha taslimu au tuendelee na kadi ya mkopo?

Baba wa Watatu, Moshi
Ndugu zangu, mwaka jana benki ninakopitishia mshahara ilinipa kadi ya mkopo yenye kikomo cha shilingi 2,000,000, nami nikaifurahia kwa sababu niliweza kulipia mafuta ya gari, vitu vya dukani na dawa za mama bila kusubiri mwisho wa mwezi. Kila mwezi nimekuwa nikilipa kile kiwango cha chini tu kilichoandikwa kwenye taarifa, na sasa deni limefika shilingi 1,400,000, ilhali hapa nyumbani sioni kitu cha maana nilichokinunua. Mke wangu anataka kadi ifungiwe kabatini na matumizi yote yawe ya fedha mkononi. Mimi nahofia dharura. Tufanyeje?

Mama Bustani
Pole sana, kaka. Mwenzako ana hoja. Kwangu kuna bahasha nne za kaki: chakula, nauli, umeme na maji, na shule. Jumamosi naenda soko la Mbuyuni na shilingi 40,000, na nikishanunua ndizi, maharage na nyanya, ile noti ya elfu mbili iliyobaki naishika mpaka inalowa jasho kabla sijaitoa. Kadi haikupi uchungu huo. Isitoshe, muuza nyanya hana mashine ya kadi, kwa hiyo chakula chenu cha kila siku hakikuihitaji tangu mwanzo.

Mhasibu Mstaafu, Arusha
Bahasha ni nzuri, lakini hazitalipa deni lililopo. Kinachokuumiza ni hicho kiwango cha chini. Tuchukulie riba ni asilimia 3 kwa mwezi: deni lako linazaa shilingi 42,000, na ukilipa 70,000, ni 28,000 tu zinazopunguza deni lenyewe. Acha kununua chochote kwa kadi hiyo hadi deni liishe, na usiitumie kutolea fedha kwenye ATM, kwa maana kwa kawaida riba ya fedha hizo huanza kuhesabiwa siku hiyo hiyo, tena na ada juu yake. Kwa dharura, weka akiba kidogo kidogo kwenye akaunti ya pembeni, hata ikiwa ni shilingi 20,000 kwa mwezi.

Baba wa Watatu
Nawashukuru kwa dhati. Jana usiku tulikaa mezani na taarifa za miezi sita, mke wangu akipigia mstari kila malipo ya mgahawani, na kwa kweli niliona aibu. Bahasha tunaanza mwezi huu. Mzee wangu, nikilipa 200,000 kila mwezi, nitamaliza lini?

Mhasibu Mstaafu, Arusha
Kwa riba ya mfano wangu, ni takriban miezi 8. Soma riba halisi kwenye mkataba wako, kisha uniandikie tupige hesabu upya.